Wanga ndani ya nailoni: je, kiriba kitaoza?

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Nina kiwanda kidogo hapa Korogwe, mashine moja ya kupuliza nailoni, na bidhaa yangu kubwa ni viriba vya miche. Wateja wangu ni wenye vitalu vya miti, kahawa na michungwa. Mwezi uliopita alinijia mchuuzi wa malighafi akiwa na punje nyeupe za kuchanganyia, anasema zimetengenezwa kwa wanga wa mahindi. Nikitia kilo 20 katika kila kilo 100, kiriba kitaoza chenyewe ardhini na mkulima hatakuwa na haja ya kukichana anapopanda. Punje zake ni ghali kuliko nailoni, ndipo nikawaza: muhogo tunao, na vumbi la mkonge limejaa hapa, halina mwenyewe. Siwezi kukausha, kusaga na kuchanganya mwenyewe? Na nikiandika kwenye bunda ‘viriba vinavyooza’, nitakuwa nasema kweli? Mchuuzi anataka malipo ya awali ya tani mbili kabla ya mwisho wa mwezi.»

Jibu:

Marahaba. Nianzie mwisho wa barua yako, maana ndiko kwenye tarehe: usilipe bado. Na yale maneno kwenye bunda usiyaandike. Kwa mchanganyiko huo yatakuwa uongo, hata kama wewe mwenyewe huna nia ya kumdanganya mtu. Kitakachooza ni zile kilo 20 za wanga, tena si zote. Kilo 80 za nailoni zitabaki nailoni.

Umeona nyumba za udongo zikiingiwa na mchwa. Wanakula fito, wanakula nguzo, na siku moja baada ya masika ukuta unapasuka na kuanguka mabonge mabonge. Anayepita njia husema nyumba imekwisha. Lakini udongo haujaliwa hata kijiko kimoja. Umelala palepale, ila sasa ni kifusi. Wanga ndani ya nailoni ni fito. Vijidudu vya ardhini vikiula, kiriba kinatoboka, kinalegea, kinamomonyoka vipande vidogo, na mkulima akipita na jembe mwaka wa pili haoni kitu. Atakusifu. Kumbe nailoni yako iko shambani mwake yote, imekuwa chembe ambazo hawezi tena kuziokota. Kumomonyoka ni jambo moja na kuoza ni jambo jingine, na karibu biashara yote ya punje za namna hiyo imejengwa juu ya kuyachanganya mambo haya mawili.

Kitu kimeoza pale bakteria na kuvu walipokila wakapata chakula na nguvu, wakaacha hewa ya ukaa, maji na miili yao wenyewe. Sasa angalia wanavyokula. Hawana meno. Wanatema vimeng’enya nje ya miili yao, na kila kimeng’enya hutafuta mahali maalumu pa kukata. Katika wanga mahali hapo papo kila hatua: wanga ni sukari zilizoungwa moja kwa nyingine kwa daraja la oksijeni, na daraja hilo ndilo linalokatwa. Tafuna muhogo wa kuchemsha muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu unaingia. Ni mate yako yanakata madaraja hayo. Hicho tunachokiita nailoni mitaani (nailoni halisi ni kitu kingine, ile ya nyavu na kamba za uvuvi) ni poliethilini: mnyororo wa kaboni kwa kaboni, maelfu kwa maelfu, na pembeni hidrojeni tupu. Hakuna daraja, hakuna pa kushika, na maji hayapenyi ndani yake. Huko Sweden, Ann-Christine Albertsson na wenzake walitengeneza poliethilini yenye kaboni ya mionzi ili waweze kufuatilia kila chembe inayogeuka hewa, wakaizika kwenye udongo. Baada ya miaka 10, iliyogeuka hewa ya ukaa haikufika hata nusu ya asilimia moja.

Kuweka wanga jirani na mnyororo huo hakuugeuzi. Wanga na poliethilini havifanyi muungano wowote wa kikemia kwenye mashine yako. Vinakaa pamoja kama mchanga na lami. Vimeng’enya vinavyokata wanga havipati mazoezi ya kukata poliethilini kwa kuwa vimekula mlo wa kwanza. Hoja hiyo nimeisikia kwa wachuuzi zaidi ya mara moja, kwamba wanga «huwavuta» wadudu na wakishafika wanaendelea na plastiki. Ni sawa na kusema ukimpa mbuzi majani juu ya bati, akimaliza majani atakula bati.

Wala wazo hili si jipya, usidhani mchuuzi wako amekuletea ugunduzi wa jana. Gerald Griffin wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, alikuwa akitia wanga kwenye poliethilini tangu miaka ya 1970, na yeye mwenyewe aliona kuwa wanga peke yake hautoshi, ndiyo maana aliongeza mafuta yanayooksidika ili yasaidie kuukatakata mnyororo. Marekani, miaka ya 1980 kuelekea mwisho, mahindi yalikuwa mengi na watu walikuwa wamechoshwa na majalala, basi mifuko ya plastiki yenye wanga wa mahindi ikajaa madukani ikiwa na picha za majani. Mwaka 1990 wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa waliishtaki kampuni ya Mobil kwa madai ya namna hiyo juu ya mifuko yake ya taka ya Hefty; ile haikuwa ya wanga, ilikuwa na dawa ya kuifanya ivunjike juani, lakini hoja ilikuwa ileile: mfuko unaofukiwa jalalani hauoni jua. Miaka miwili baadaye serikali ya Marekani ikatoa mwongozo wa matangazo ya aina hiyo. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2019, tangu Julai 2021 plastiki zenye dawa ya kuvunjikavunjika zimepigwa marufuku sokoni kwao. Basi mali iliyokosa soko kule lazima itafute pa kwenda, na nadhani umenielewa.

Sasa hesabu, kwa sababu wewe ni mtu wa kiwandani na kilo ndizo lugha yako. Mchuuzi amekutajia asilimia 20 kwa uzito. Vijidudu havipimi uzito, vinahitaji njia. Wanga ni mzito, kama gramu 1.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na poliethilini yako ni kama 0.92. Kilo 20 za wanga zinachukua lita 13 na kidogo, kilo 80 za poliethilini zinachukua lita 87. Kwa hiyo ndani ya kiriba wanga ni sehemu 13 tu katika 100 za ujazo. Kwa kiasi hicho punje nyingi za wanga hazigusani. Kila moja imefunikwa pande zote na plastiki, kama zabibu kavu ndani ya mkate wa kumimina. Zinazofikiwa ni zile zilizo usoni. Ili punje zianze kushikana mkono na kufanya njia kutoka uso mmoja hadi wa pili, ujazo unatakiwa ufike karibu theluthi moja, yaani zaidi ya kilo 40 za wanga katika kila 100. Ndiyo maana nilitumia maneno «tena si zote» pale juu. Kiriba ni chembamba, kwa hiyo nyuso zake mbili ziko karibu na hali ni nafuu kidogo kuliko kwenye kitu kinene, lakini sehemu ya wanga wako bado itakaa kifungoni miaka na miaka, imehifadhiwa vizuri kuliko unga wa dukani.

Basi utaniambia, nitie kilo 40. Tia, uone puto lako, ule utando unaopulizwa na mashine kabla haujawa viriba.

Nakuambia hivi kwa kuwa nilishawahi. Nikiwa bado kijana, nilimimina unga wa muhogo kwenye pipa la mashine nikiamini kwamba ni mkavu, maana mkononi ulikuwa unateleza kama poda. Unga ulioanikwa juani, hata uwe mkavu vipi kwa macho, unabaki na maji asilimia 12 hivi, na siku za mvua zaidi ya hapo. Katika kilo 40 hizo ni karibu lita 5 za maji. Ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 170 maji hayo ni mvuke, na mvuke hauna subira. Utando ulitoka umejaa mapovu kama uso wa chapati, puto likapasuka kabla halijafika juu, na fundi aliyekuwa zamu akaniuliza kama tunatengeneza mifuko au maandazi. Wanga wa kutia kwenye plastiki lazima ukaushwe hadi maji yashuke chini ya asilimia moja, kisha uzuiwe usinyonye tena unyevu wa hewa, na hewa ya Korogwe unaijua. Hiyo peke yake inataka tanuri la kukaushia na mapipa yanayofungwa barabara.

Halafu kuna ukubwa wa punje. Punje za wanga wa muhogo ni za kati ya maikroni 5 na 35 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Kama ukuta wa kiriba chako ni maikroni 50, punje moja kubwa inajaza zaidi ya nusu ya unene. Pale ndipo mpasuko unapoanzia. Nazungumzia wanga uliochujwa na kuoshwa, si unga wa makopa; unga wa makopa una nyuzinyuzi na mchanga, na mchanga ukiingia kwenye skurubu, ile inayosukuma malighafi ndani ya mashine, utalipa skurubu. Pumba za mpunga ni mbaya zaidi kwa hilo, zina silika nyingi mno, ni kama kupitisha msasa. Na joto: ukipita nyuzi 200 au zaidi kidogo, wanga na mkonge vyote vinaanza kuungua, rangi inageuka kahawia na kiwanda kinanuka ukoko.

Vumbi la mkonge kwa utando mwembamba lisahau. Nyuzi zitaziba chujio, zitakaa kwenye mdomo wa mashine, na kila palipo na uzi puto litachanika. Lakini usilitupe. Mkonge una kazi yake nzuri kwenye vitu vinene vya kumimina kwenye umbo: trei, vigingi, mapipa. Nyuzi za mimea ndani ya polipropilini, ndugu mgumu wa poliethilini, zinakaza plastiki, na watengenezaji wa magari huko Ulaya wamekuwa wakizitumia kwenye paneli za ndani za milango kwa miaka mingi. Angalia tu kwamba pale mkonge unaongezwa ili kitu kiwe kigumu na chepesi na kitumie mafuta ya petroli kidogo. Hakuna anayesema mlango wa gari utaoza.

Hapa kuna kichekesho cha fani yetu ambacho kinafaa ukijue. Wanga na mkonge hupenda maji. Poliethilini hupenda mafuta. Havishikani, na mahali visiposhikana pana ufa. Dawa yake ipo: ni poliethilini iliyopandikizwa kemikali iitwayo maleiki anhidridi, inafanya kazi ya mshenga kati ya pande mbili. Ukiitia, utando unakuwa imara, unauzika. Ila mshenga huyo huyo anaivalisha kila punje ya wanga koti la plastiki linalobana zaidi, na vijidudu vinapata shida zaidi kuifikia. Kadiri kiriba kinavyokuwa kizuri dukani ndivyo kinavyozidi kuwa plastiki ardhini.

Tuseme lakini kwamba umepata malighafi inayooza kweli. Zipo, nitazitaja hivi punde. Bado una shida ambayo mwenye kuuza mifuko ya sokoni hana, nayo ni saa. Kiriba kinakaa kitaluni na udongo mbichi ndani yake, kinamwagiwa maji kila siku, kina joto, kina samadi. Mche wa kahawa unaweza kukaa humo miezi 6 mpaka mwaka. Kisha unakipeleka shambani, na siku hiyo hiyo unakitaka kianze kuoza haraka ili mizizi itoke. Udongo wa ndani ya kiriba na udongo wa shimoni ni udongo uleule. Kiriba hakijui kama leo ni siku ya kupanda. Kinachooza haraka shambani kitaoza haraka kitaluni pia, na utapigiwa simu mwezi wa tatu na mwenye kitalu anayebeba miche huku udongo unadondoka kati ya vidole. Nimeona watu wenye shahada wakilisahau hili kwenye maandiko yao ya miradi.

Zinazooza sasa. Wanga unaweza kugeuzwa kuwa plastiki yenyewe, badala ya kuwa mchanga ndani ya plastiki ya mwingine: unaupika na glisirini na maji kidogo kwenye mashine inayosukuma na kusugua kwa nguvu, punje zinapasuka na unapata kitu kinachoyeyuka na kupulizika. Kinaoza vizuri sana. Pia kinaloa vizuri sana. Kiriba cha wanga mtupu kitakuwa uji kabla ya Jumapili. Kwa hiyo viwanda huuchanganya na poliesta laini ambayo nayo inaoza. Kampuni ya Novamont ya Italia inauza mchanganyiko wa jamii hii kwa jina Mater-Bi, na BASF ya Ujerumani inauza tangu 1998 poliesta iitwayo ecoflex, ambayo kikemia ni PBAT. PBAT inapulizwa kwenye mashine za aina yako bila mabadiliko makubwa, mradi uikaushe na kushusha joto. Bei yake sitakuficha: ni mara kadhaa ya unachonunua sasa.

Na kuna jambo ndani yake linalowachanganya wengi. PBAT kwa kawaida imetokana na petroli, na inaoza. Braskem ya Brazil tangu 2010 inatengeneza poliethilini kutokana na miwa, na haiozi, kwa sababu ni poliethilini ileile, kaboni kwa kaboni, vijidudu havijali kama baba yake alikuwa muwa. Kinachoamua ni viungo vya mnyororo. PBAT ina viungo vya esta, ndugu wa vile vilivyo kwenye mafuta ya kula, na ardhi imejaa vimeng’enya vya kukata hivyo. Mtu akikuambia bidhaa yake «imetokana na mimea», amekuambia ilikotoka. Inakokwenda hajakuambia.

PLA, ile ya vikombe vinavyong’aa, mchuuzi anaweza kukuletea pia. Inatokana na sukari ya mahindi na inaoza, lakini inataka biwi la mboji lenye joto la nyuzi 55 au zaidi. Udongo wa Korogwe hauna joto hilo. Kwa kiriba haifai, kwanza ni kavu, inavunjika.

Turudi kwa mchuuzi wako. Atakuonyesha cheti, wote wanacho. Usitazame muhuri, soma mambo matatu. Kwanza, kilichopimwa ni nini: punje zake peke yake, au utando uliomalizika wenye nailoni ndani na kwa unene wako? Cheti cha punje si cheti cha kiriba. Pili, kipimo kilifanyika kwa joto gani. Kiwango cha Ulaya EN 13432, kinachotajwa sana, kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, lakini kwenye mboji ya kiwandani ya nyuzi 58 hivi. Kwa kitu cha kuachwa shambani kiwango kilicho karibu nawe ni EN 17033 cha mwaka 2018, cha nailoni za kufunika matuta: asilimia 90 ndani ya miezi 24, kwenye udongo wa nyuzi 20 hadi 28. Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokamatwa, mstari wa kwenye grafu unaishia wapi. Ukiona wameandika «imeoza asilimia 8 kwa siku 90 na inaendelea», jiulize wanga ulikuwa asilimia ngapi. Ulikuwa 20. Basi walichopima ni wanga kuliwa, na mstari utapinda na kulala chali kabla ya kuufikia ule 20. Waliotunga EN 13432 waliuona ujanja huu mapema: kiwango kinataka kila kiambato cha asili ya kikaboni kinachozidi asilimia 1 kithibitishwe kinaoza chenyewe, ili nailoni isijifiche nyuma ya wanga.

Na cheti kikikosekana kabisa, yakabaki maneno ya kwenye mfuko tu, kumbuka walichofanya Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth. Walifukia mifuko ya aina mbalimbali ardhini na kuizamisha baharini miaka mitatu. Mwaka 2019 walitangaza matokeo: ule ulioandikwa kwamba unaoza ulitoka udongoni bado unabeba vitu vya dukani.

Vipimo vya kwako mwenyewe vipo, na ni rahisi kuliko mafuta ya pikipiki ya kwenda mjini. Nunua iodini duka la dawa, ile ya vidonda. Kata punje ya mchuuzi kwa wembe, dondoshea tone pale palipokatwa, ngoja. Wanga unageuka bluu nzito karibu na weusi. Fanya hivyo pia kwa kipande cha muhogo na kwa punje ya nailoni tupu ili jicho lako lijue tofauti. Isipogeuka, hata wanga wenyewe hauna. Choma punje nyingine juu ya kipande cha bati, nje, upepo ukiwa mgongoni: poliethilini inanuka mshumaa uliozimwa, wanga unanuka ukoko wa ugali. Ikibaki jivu jeupe jingi, likamulie ndimu. Likitoa povu, umeuziwa chokaa ya kujazia, ambayo ni kitu halali kabisa kwenye mifuko ila haihusiani na kuoza.

Kisha chimba mashimo matatu mahali penye kivuli na unyevu, kina cha dhiraa moja kasorobo kinatosha. La kwanza, vipande vya nailoni yako tupu. La pili, vipande vya mchanganyiko. La tatu, kipande cha kanga ya pamba, isiyo na uzi wa poliesta. Kila kimoja kikaushwe, kipimwe kwenye mzani wa dhahabu au wa maabara ya shule ya sekondari iliyo jirani, kitiwe ndani ya wavu wa mbu ili usipoteze mabaki. Kanga ndiyo shahidi wako kwamba udongo uko hai. Ikitoka nzima, kipimo chote hakina maana. Ukifukua baada ya miezi 6, osha polepole, kausha, pima. Gramu 100 za mchanganyiko zikitoka 85, usishangilie: ulitia wanga gramu 20. Uzito ukishuka chini ya gramu 80 ndipo unipigie mbiu, nami nitapanda basi nije nione.

Kuhusu sheria, umeuliza pembeni kwenye barua kama utahesabiwa na wale wa Rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea. Marufuku iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Plastiki za shughuli za kilimo ziliachwa nje. Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha leo kuoza. Shinikizo linatoka kwa wateja, na naliheshimu, kwani nimeona mashamba ya miti ambapo vipande vyeusi vya viriba vimeota kama magugu kuzunguka kila shina.

Mimi ningefanya nini mahali pako? Ningebaki na poliethilini tupu, nzuri, nyeusi, na ningeuza viriba pamoja na ahadi ya kuvinunua tena. Mkulima anayejua kazi anakichana kiriba kabla ya kupanda hata hivyo, kwa sababu mizizi iliyojikunja chini haisubiri plastiki ioze. Kiriba kilichochanwa kikiwa safi unakiosha, unakisaga, kinarudi kwenye mashine. Cha wanga hakirudi: mabaki ya wanga yanaungua, yanatoboa puto, na kilo chache zikiingia kwenye gunia la nailoni safi zinaharibu gunia zima. Hili ndilo linaloniuma zaidi kwenye mchanganyiko wa mchuuzi wako. Unachukua kitu ambacho hakiozi lakini kinarejelezeka, unakifanya kisirejelezeke na bado hakiozi.

Pembeni ya hiyo ningefungua kazi ya pili bila plastiki. Bibi zetu waliotesha miche kwenye maganda ya mgomba yaliyokunjwa na kushonwa kwa kijiti, na kwa miche ya muda mfupi, mipapai na mboga, hakuna kilichoyashinda mpaka leo. Kwa miche ya muda mrefu, vyungu vya nyuzi za nazi zilizoshikwa kwa utomvu wa mpira vinauzwa duniani. Wewe una mkonge mlangoni, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi yako palepale Muheza. Uzi wa mkonge kwenye udongo mbichi unahimili kiasi, na mizizi inapenya bila kungoja uoze, kwa hiyo ile shida ya saa inapungua sana. Anza na vyungu 50, vipe mwenye kitalu mmoja mvumilivu, viweke kando ya viriba vyake vya kawaida mpaka miche ipandwe. Vikifaulu, hivyo ndivyo vya kuandikia «vinaoza» bila kumwogopa mtu.

Na ukitaka trei za polipropilini zenye mkonge, nazo andika kilichomo: «plastiki yenye nyuzi za mkonge, tumia tena». Watu watanunua. Trei ngumu inarudi kitaluni msimu hadi msimu.

Mchuuzi akirudi kabla ya mwisho wa mwezi, mwombe kilo 5 za mfano na cheti cha utando uliomalizika kwa unene wako. Akikupa, tia iodini siku hiyo hiyo, mbele yake. Mashimo uyachimbe kabla ya vuli, na ukifukua niandikie kwanza kuhusu kanga.